Dawa Teule: Juu ya Majina Tunayoyapa Magugu na Sumu

Huenda msomaji wetu akashangaa kukuta katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hushughulika na ngeli, methali na arudhi, makala inayohusu kuua magugu katika shamba la maharage. Mabwana shamba wapo, nao wana maandishi yao. Walakini jambo tunalotaka kulieleza lilianzia katika chumba cha walimu wa Kiswahili, juu ya meza yenye kamusi mbili na chupa moja, likaishia shambani mwa mtu ambaye hakuwapo mezani hapo. Kosa lilikuwa la lugha, na lugha ndiyo kazi tuliyopewa. Kwa hiyo hatukuona kuwa ni haki kulinyamazia.

Mwaka 2017 tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya sekondari milimani, magharibi ya Ziwa Kivu. Shule ilikuwa na shamba lake la kama nusu hekta, ambamo mahindi na maharage yalipandwa pamoja kama ilivyo desturi ya huko, na maboga yakatambaa pembeni. Palizi ilifanywa na wanafunzi kwa zamu. Msimu ule mvua za Septemba zilikuja kwa wingi, magugu yakautangulia mmea, na zamu za wanafunzi hazikutosha. Basi mkuu wa shule akanunua sokoni chupa ya dawa ya kuua magugu iliyokuwa imevuka mpaka, na maelezo yake yote yalikuwa kwa Kiingereza. Huko kwetu msomi husoma Kifaransa. Kiingereza tulikuwa nacho watu watatu tu, nasi tulikuwa walimu wa Kiswahili. Akatuomba tuyaandike maelezo hayo kwa Kiswahili, nakala moja kwa ajili ya watunza shamba na nyingine chache kwa wanakijiji ambao walikuwa wamekwisha kuanza kuulizia.

Chupa ile ilikuwa na dawa ambayo wataalamu huiita 2,4-D, iliyoanza kuuzwa huko Marekani katikati ya miaka ya 1940. Karatasi iliyobandikwa ilisema kwamba dawa hiyo huchagua: huua magugu ya majani mapana, na kuyaacha mahindi. Neno hilo la kuchagua lilitusumbua nusu saa nzima. "Dawa inayochagua" tuliona ni maelezo tu, si istilahi. Mmoja wetu akapendekeza "dawa teule", nasi sote tukalipenda, kwa kuwa lilikuwa fupi, lenye mlio mzuri, na lenye heshima kidogo. Tukaandika: dawa teule ya kuua magugu ya majani mapana katika mahindi. Tukapiga chapa, tukagawa, tukarudi kusahihisha madaftari.

Mwalimu yeyote wa sarufi atakuwa amekwisha kuliona kosa. Mteule ni yule aliyechaguliwa. Anayechagua ni mteuzi. Tulikuwa tumemgeuza mtenda kuwa mtendwa, jambo ambalo mwanafunzi wetu angelifanya tungelimpigia mstari mwekundu. Dawa inayochagua tuliiita dawa iliyochaguliwa, yaani dawa bora, dawa ya fahari, na wanakijiji wakaelewa vile vile tulivyoandika. Lakini hata kama tungeandika "dawa teuzi", tungekuwa tumesahihisha sarufi tu. Swali lingebaki pale pale: inachagua kwa kipimo gani? Haichagui kati ya kinacholiwa na kisicholiwa, wala kati ya kilichopandwa na kilichojiotea. Inachagua kati ya jamii ya nyasi, ambamo yamo mahindi, mtama na ngano, na mimea yenye majani mapana. Nyasi huivumilia, mimea ya majani mapana hufa. Na jani la maharage, ndugu msomaji, ni jani pana. Tulikuwa tukilitazama kila siku dirishani.

Dawa hii ina namna yake ya kuua, ambayo yastahili kuelezwa. Haichomi. Huiga homoni ambayo mmea hutumia kujikuza wenyewe, kisha mmea, kwa kudhani kwamba umeamrishwa kukua, hukua ovyo bila mpango hadi kujiua. Maharage ni mepesi mno kudhurika nayo. Yalikuwa miongoni mwa mimea iliyotumiwa mapema na wachunguzi ili kupima nguvu za dawa za aina hii. Katika muda wa siku chache mashina yalijinyonganyonga na majani yakajikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Mahindi yalisimama katikati yake, mabichi na yenye afya, kana kwamba hayakusikia lolote. Karatasi ya chupa haikuwa imesema uongo hata neno moja.

Lakini asubuhi ile ya kunyunyizia kulikuwa na upepo. Upande wa chini wa shamba la shule palikuwa na kishamba cha mama mmoja mjane, ambaye hakuwa amenunua chupa yoyote wala kuomba nakala yetu. Siku ya tano alipanda hadi shuleni akiwa ameshika shina moja la maharage mkononi, na mizizi yake bado ina udongo. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni pa chumba cha walimu, akasalimu, kisha akauliza:

"Walimu wangu, ile dawa yenu inatibu nini?"

Mmoja wetu akajibu, kwa haraka ya mtu aliyebanwa, "Inatibu shamba, mama."

"Basi maharage yangu yalikuwa ugonjwa gani?"

Hatukuwa na jibu. Shule ilimlipa debe moja la maharage, naye alilipokea kwa mikono miwili kama ilivyo adabu. Baadaye tulikuja kuelewa kwamba malipo yale hayakulipa. Wakulima wengi wa Kivu, kama wenzao wa Rwanda na Burundi, hawapandi mbegu ya aina moja. Hupanda mchanganyiko wa rangi nyingi, meusi, mekundu, meupe na yenye madoa, kila aina ikiwa na tabia yake: hii yavumilia mvua nyingi, ile yavumilia ukame, nyingine yaiva mapema. Mchanganyiko huo mtu huupata kwa mamaye au kwa mama mkwe, akauchagua upya kila msimu. Debe tulilompa lilikuwa la rangi moja, la sokoni.

Tangu siku ile tumekuwa tukilifikiria swali lake, na tumeona kwamba ndani yake mna maswali mawili, moja juu ya neno gugu na jingine juu ya neno dawa.

Kamusi zetu husema, kwa maneno haya au yale, kwamba gugu ni mmea unaoota mahali usipotakiwa. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini imeficha jambo. Usipotakiwa na nani? Mgomba ni mgomba hata kama hakuna mtu duniani; gugu haliwi gugu mpaka atokee mtu wa kulikataa. Kwa hiyo gugu si jina la mmea, bali ni hukumu iliyopitishwa juu ya mmea. Hindi lililojiotea katika tuta la maharage ni gugu. Na maharage yenyewe yalitoka Amerika, yakaletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16. Laiti mkulima wa mtama wa zama hizo angeuona mche mmoja umejiotea shambani mwake, sijui angefanya nini nao kama si kuung'oa. Leo Warundi huyaita ibiharage, na hakuna nyumba huko inayoyaona kuwa ni mageni.

Tena tazameni mchicha, ambao kwetu Kongo huitwa lenga-lenga, na Rwanda na Uganda huitwa dodo. Huota wenyewe katikati ya maharage, hasa palipotupwa mbolea ya zizini. Bwana shamba huuandika katika orodha ya magugu, na kwa haki, kwa kuwa hunyang'anya maharage mwanga na chakula. Mama anayepalilia huung'oa pia, lakini hautupi. Ule mchanga huutia katika kikapu, na jioni ile ile huwa kitoweo. Hali kadhalika mnavu na mgagani. Hata kishona nguo, ambalo hakuna mtoto wa shule asiyelichukia kwa kumng'ang'ania soksi, lina wazee wanaotwanga majani yake na kuyaweka juu ya kidonda. Mwenye kuinama na jembe hupitisha hukumu mmea mmoja mmoja: huyu afe, huyu aliwe, huyu aachwe akue hadi wiki ijayo. Bomba la mgongoni halina nafasi ya kufikiri hivyo. Hukumu yake imekwisha kupitishwa kiwandani, na aliyeipitisha hakula lenga-lenga.

Katika eneo hili la Maziwa Makuu tunayo sababu nyingine ya kuliogopa neno hili. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, wauaji waliyaita matendo yao kwa lugha ya shambani: kazi, kufyeka vichaka, kung'oa magugu. Hatulinganishi mmea na mtu, hasha. Anayelinganisha hivyo ndiye aliyekwisha kupotea. Tunasema tu kwamba neno ambalo ni hukumu, likizoeleka kama kwamba ni jina, humwondolea mtu mzigo wa kuhukumu. Anayelitumia haoni tena kwamba ameamua jambo.

Msomaji atadhani sasa kwamba tunakusudia kulisifu jembe. La. Tumesoma makala za kutosha zinazolisifu jembe la mkono, nyingi zikiwa zimeandikwa na watu wenye migongo iliyonyooka. Maharage hayana subira. Mmea wake ni mfupi, na katika majuma ya kwanza huzidiwa upesi; yakiachwa bila palizi huweza kupoteza nusu ya mavuno au zaidi. Hapana budi kupalilia yakiwa na umri wa kama majuma mawili au matatu, na tena kabla ya maua. Baada ya maua kutoka, mwenye jembe huangusha maua. Na majani yakiwa na umande au mvua, anayepita katikati yake husambaza maradhi kutoka shina hadi shina. Kwa hiyo siku zinazofaa ni chache, tena siku hizo hizo zatakiwa na kila shamba kijijini. Katika Injili ya Mathayo mna habari ya mwenye shamba aliyewakataza watumwa wake kung'oa magugu, akataka yaachwe yakue pamoja na ngano hadi mavuno. Alikuwa na ngano. Mwenye maharage hana anasa hiyo.

Na nani anayepalilia? Twajua sote. Ni mama, na nyuma yake binti. Sisi walimu hatuhitaji takwimu za mtu. Tunayo madaftari ya mahudhurio. Wasichana wetu hupungua mwezi wa Oktoba, na tena mwezi wa Machi, na tukiwauliza hujibu neno moja: palizi. Kuna tena magugu ambayo jembe huyazidisha badala ya kuyapunguza. Sangari hutambaa chini ya udongo kwa vishina virefu, na kila kipande unachokikata huchipuka na kuwa sangari kamili. Ndago huacha viazi vyake chini na kurudi baada ya siku chache. Tumewaona akina mama wakilima kitalu kile kile mara tatu kwa msimu mmoja. Mtu akiwaambia wanawake hawa kwamba kuinama ni utamaduni wetu, na kwamba chupa ni ya kigeni, basi na ashike jembe yeye mwenyewe kuanzia alfajiri hadi saa sita, kisha aandike makala yake.

Aidha, zipo dawa zinazofaa maharage kweli. Ipo inayoitwa bentazoni, na nyingine fomesafeni, ambazo huua magugu mengi ya majani mapana na kuyaacha maharage. Zipo nyingine ambazo huua nyasi peke yake. Ipo ile glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, ambayo huua karibu kila mmea wa kijani na kuteremka hadi kwenye mizizi. Hiyo hutumiwa kabla ya kupanda, na ndiyo inayowashinda sangari. Mashamba makubwa ya maharage ya Marekani na Brazili huendeshwa kwa dawa kama hizi. Lakini mashamba hayo yana zao moja kutoka ukingo hadi ukingo. Shamba la Kivu lina mahindi na maharage, na ukiongeza maboga, mihogo na lenga-lenga, hesabu yote huvurugika. Fomesafeni, kwa mfano, huweza kubaki udongoni na kuyadhuru mahindi au mtama wa msimu unaofuata. Si kwamba wataalamu ni wajinga. Walitengeneza dawa kwa ajili ya shamba walilolijua, nasi tumeileta katika shamba wasilolijua, tena bila ya kuwaeleza wenye shamba tofauti iliyopo.

Hapa ndipo linapokuja neno la pili. Mama yule hakuuliza dawa yetu inaua nini. Aliuliza inatibu nini, nalo lilikuwa swali la mtu anayejua Kiswahili. Dawa ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kitu cha kuponya. Sumu nayo tuliipata huko huko, na maana yake haijageuka. Tumefanyaje basi hata kitu kinachouzwa kwa sababu kinaua tukakiita kwa jina la kinachoponya? Mwenzetu mmoja alitupinga vikali katika jambo hili. Akasema kwamba Kiswahili kimekwisha kulipanua neno: tunayo dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya mbu, wala hakuna mtu aliyekunywa dawa ya viatu akidhani itamponya kikohozi. Akaongeza kwamba si Kiswahili peke yake. Warundi na Wanyarwanda husema umuti kwa yote mawili, Waganda husema eddagala, na wasemaji wa Lingala husema nkisi. Watu wa huku, kwa maoni yake, waliona zamani kwamba kinachoponya na kinachoua ni nguvu moja, na tofauti yake ni kipimo na mkono wa anayeishika. Je, walimu wachache wataibatilisha hekima hiyo kwa sababu ya debe moja la maharage?

Hoja yake ni nzito, nasi hatukuweza kuivunja yote. Kweli zamani nguvu ilikuwa moja. Lakini zamani mkono ulijulikana. Aliyetoa dawa alikuwa mganga mwenye nyumba na jina, na mtu akidhurika palikuwa na mahali pa kwenda kuuliza. Chupa haina mlango wa kubishwa. Inakuja na lugha isiyosomwa, inauzwa na kijana ambaye kesho atauza betri, halafu inawekwa juu ya rafu ile ile yenye dawa ya kikohozi ya mtoto. Na neno hufanya kazi yake kimyakimya. Mtu aliyeambiwa kwamba ni dawa huongeza kipimo ili shamba lipone haraka. Hunyunyizia miguu mitupu, kwa maana dawa haimdhuru aliye mzima. Chupa ikiisha huisuuza kwa maji ya mtoni na kuitilia mafuta ya kupikia, maana ilikuwa na dawa, haikuwa na uchafu. Tumeyaona yote haya kwa macho yetu, wala aliyeyafanya hakuwa mpumbavu. Alikuwa ameelewa Kiswahili vizuri.

Ipo katika jamii hii moja iitwayo parakwati, ambayo funda moja tu huweza kumwua mtu, na haijapatikana hata leo kitu cha kumponya aliyeinywa. Wenye kuitengeneza iliwabidi kuitia rangi, harufu mbaya na kitu cha kutapisha, kwa kuwa watu waliinywa kwa kudhani ni kinywaji. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliiondoa mashambani mwao mwaka 2007. Kwa Kiswahili chetu hiyo nayo ni dawa. Dawa isiyo na dawa.

Hatutaki kumtisha mtu kwa zaidi ya yaliyopo. Juu ya glifosati wataalamu wenyewe hawajapatana. Mwaka 2015 shirika la uchunguzi wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za Marekani na za Ulaya zinazosimamia dawa za mashamba hazikukubaliana na hukumu hiyo, na mwaka 2023 Ulaya ilikiongeza kibali chake kwa miaka kumi. Mwalimu wa Kiswahili hana maabara ya kuamua ugomvi huo. Lakini anaweza kuona kwamba wanaogombana huko wamekubaliana juu ya jambo moja, yaani kwamba kinachojadiliwa ni sumu, na swali ni kiasi gani na kwa nani. Sisi huku tumeruka swali hilo kwa sababu jina tulilolitumia halikuruhusu liulizwe.

Baada ya yale yaliyotokea tuliiandika upya ile karatasi. Tuliandika sumu ya magugu. Tukaeleza, kwa sentensi ndefu kuliko tulivyopenda, kwamba huua kila mmea wa majani mapana ukiwamo maharage, maboga, mihogo na lenga-lenga; kwamba isinyunyiziwe wakati wa upepo; kwamba chupa yake itobolewe wala isiwekwe kitu kingine ndani yake. Neno teule tulilitoa. Mwenye duka alilalamika kwamba hakuna atakayenunua kitu kilichoandikwa sumu, na mkuu wetu, ambaye si mtu mbaya, akasema tunawatisha watu na kuwarudisha nyuma. Tukamjibu kwamba mtu anayeamua kutumia sumu akijua ni sumu hajarudi nyuma popote. Hakuridhika. Karatasi ilibandikwa, ikaondolewa, ikabandikwa tena.

Jambo lililotutatiza zaidi, na bado linatutatiza, ni kuhusu anayeamua. Katika nyumba nyingi tulizozijua huko, anayenunua chupa na kubeba bomba ni mume au kijana wa kiume; anayepalilia na kuchuma mboga ni mama. Kwa hiyo anayeutua mzigo wa jembe na anayepoteza kikapu cha mboga ni mtu mmoja, naye ndiye asiyeulizwa. Kisha kuna jirani wa upande wa chini, ambaye upepo hupiga kwake. Kisha kuna wale vibarua wanaopalilia mashamba ya wenzao ili wapate chakula cha siku hiyo, ambao kwao magugu ya mwenye nacho ni riziki. Mtu akituuliza kama ni haki kuwanyang'anya hawa kazi ili binti wa mwingine aende shule, tunakiri kwamba tumeshindwa kulijibu mbele ya darasa, na wanafunzi walitambua kwamba tumeshindwa. Mvulana mmoja, ambaye mamaye alikuwa kibarua, alisema kwamba tatizo si chupa. Tatizo ni kwamba mamaye hana shamba. Tukaligeuza somo kuwa zoezi la utungaji. Hiyo ndiyo mbinu ya walimu wakizidiwa.

Mwaka uliofuata, msimu ulipokaribia, yule mama mjane alipanda tena hadi shuleni. Safari hii alikuwa ameshika chupa, imefungwa ndani ya kanga. Mwanawe aliyekuwa mjini ndiye aliyempelekea. Akaiweka mezani, akasema hataki kufasiriwa, anataka kusomewa.

Tukamsomea pole pole, neno kwa neno. Ilikuwa glifosati.

"Ni sumu?" akauliza.

"Ni sumu, mama."

"Itaua na maharage?"

"Itaua kila kitu cha kijani. Ni ya kabla ya kupanda."

Akanyamaza. Kisha akauliza kuhusu upepo, kuhusu kisima kilicho chini ya shamba lake, na kuhusu mbuzi, kwamba wakae siku ngapi bila kufunguliwa. Tukamjibu yaliyoandikwa. Akauliza pia kama ndani ya chupa ile mna kitu cha kuyaacha lenga-lenga, tukamwambia hamna. Mwishoni aliuliza kama kweli inaliua sangari hadi mizizi, tukasema ndiyo. Alitazama viganja vya mikono yake, akaifunga tena chupa ndani ya kanga, akatuaga, akashuka nayo. Siku ya kunyunyizia alikuja mtoto mbio kutoka kwake kutuambia tuingize ndani nguo zetu zilizoanikwa.